Kiwavi wa mlimau si kiwavi wa mahindi



Huku Kolwezi mvua zikianza, viwavi hujaa katika parseli zetu. Wengi hukimbilia kunyunyiza dawa kila mahali. Twaelewa: mahindi ya nyuma ya nyumba ni chakula cha familia, na hata nabii Yoeli aliomboleza mashamba yaliyoliwa na wadudu. Lakini dawa hiyo huangukia pia lengalenga na matembele ambayo mama atapika jioni. Basi tumjue mdudu kwanza.

Uliza kwanza: yuko juu ya mmea gani? Kiwavi wa kipepeo mara nyingi hula mimea michache tu.

Juu ya mlimau au mchungwa, tazama kitu kidogo cheusi na cheupe kinachofanana na mavi ya ndege. Ni kiwavi mchanga. Kwa sura hiyo ndege humpita. Akikua huwa kijani. Ukimgusa, hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Haumi. Baadaye hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, kisha hutoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mti mkubwa haudhuriki sana. Ukiwa mche mdogo, waondoe kwa mkono.

Katika moyo wa mhindi yuko mwingine: kiwavijeshi kutoka Amerika, aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Huyu ni mtoto wa nondo. Alama zake: usoni mstari kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia vidoa vinne vilivyopangwa mraba. Majani huwa na matundu na uchafu kama unga wa mbao. Kagua mahindi asubuhi, ponda mayai na viwavi vidogo kwa mkono, tia majivu au mchanga katika moyo wa mmea.

Wenye manyoya msiwashike. Manyoya ya wengine huwasha vibaya.

Na vinkubala tunavyokula? Hivyo hutoka kwenye miti ya pori, na wazee wanavijua kimoja kimoja. Msile kiwavi wa bustani kwa kubahatisha. Miti hiyo ikikatwa kwa makala na migodi, chakula hicho nacho hupotea.

Adamu aliwapa wanyama majina. Wapeni watoto kazi hiyo: waandike mmea, rangi na siku. Anayejua jina la mdudu hatumii dawa ovyo.