Kifungo Kilichotokana na Maziwa

Robota la mitumba likifunguliwa sokoni Kakamega, wanunuzi wengi huangalia kitambaa. Mfumaji wa sweta huangalia kifua. Kardigani iliyotoboka viwiko huuzwa kwa bei ya kutupa, naye ataichukua kwa ajili ya vifungo tu. Sufu ikifumuka vizuri, hiyo ni faida juu ya faida. Mji huu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mvua yake haina mzaha, kwa hiyo sweta za watoto hazikosi wateja. Ila vifungo vipya vya dukani karibu vyote ni poliesta, vinafanana kama pacha.

Vya zamani vina mambo. Weka kimoja shavuni. Kikiwa baridi kama kijiwe, huenda ni cha ganda la chaza: kalisi kaboneti huvuta joto la ngozi haraka kuliko plastiki. Mng'ao wake haukupakwa. Ganda limejengwa kwa vibamba vyenye unene wa takriban nusu ya elfu moja ya milimita, unaokaribia urefu wa mawimbi ya mwanga, na miali inayorudi kutoka tabaka mbalimbali hukutana na kuzaa rangi zinazohama ukikigeuza. Ndimu ya kutolea madoa hukila kifungo hiki, maana asidi huyeyusha kalisi.

Kwangu mimi, mfalme wa mkebe wa vifungo ni kifungo cha maziwa. Mwaka 1899 Wilhelm Krische na Adolf Spitteler walipata hataza Ujerumani ya kugeuza kasini, protini ya maziwa, kuwa kitu kigumu kwa kuiloweka kwenye fomalini. Ndiyo, ileile ya mochari. Fomalini hufunga minyororo ya protini pamoja, kazi iliyoweza kuchukua wiki nyingi. Wakaiita galalithi. Ilipokea rangi vizuri ajabu, na ilikuwa imeshamiri wakati watafuta dhahabu walipofurika Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kasoro yake ni kiu. Galalithi hunyonya maji, huvimba, kisha juani hukauka na kupasuka. Usiishone kwenye sweta ya mtoto mchanga inayofuliwa kila siku. Iweke kwenye ile ya mama ya kwendea kanisani. Ili kuitambua, chovya kifungo kwenye maji moto kwa sekunde chache, unuse. Galalithi hutoa harufu ya maziwa yaliyoungua. Bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, hunuka dawa ya hospitali, na seluloidi hunuka kafuri.

Wapo wanaopima kwa sindano ya moto. Waache kabisa: seluloidi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na hushika moto mara moja.

Uzito nao una neno. Vitanzi vya kufuma kwa mkono hulegea, kwa hiyo kifungo kizito cha chuma huning'iniza ukingo wote. Shona kijifungo bapa upande wa ndani, uzi upite katika vyote viwili. Na chagua kifungo kabla ya kufuma tundu lake, si baadaye.

Na unapohifadhi vifungo, seluloidi itengwe kwenye bahasha ya karatasi. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi, na ndani ya mkebe uliofungwa mvuke huo hutia kutu vifungo vya chuma na kuharakisha kuoza kwa seluloidi nyingine.