Vile Tusivyovihesabu kuwa Chakula

Mtu akiulizwa amekula nini tangu alfajiri, aghalabu atataja wali, samaki na mchicha, pengine na kipande cha papai. Wala katika kutaja huko hatakuwa amekusudia uongo, maana hivyo ndivyo vilivyopakuliwa mbele yake na ndivyo alivyovinawia mikono. Lakini sukari aliyoikoroga katika vikombe vyake vya chai hataitaja, wala mafuta yaliyokaangia kitunguu, wala tui zito lililomiminwa chunguni dakika za mwisho, wala kachori mbili alizozitafuna njiani akirejea kutoka kazini, wala soda aliyokirimiwa dukani kwa sahibu yake. Vitu hivi huitwa kiungo, kitafunio, kiburudisho au ukarimu, na kwa majina hayo huingia mwilini bila ya kuandikwa katika hesabu ya mlo. Nami nasadiki kwamba yeyote katika sisi anayetaka kupunguza uzito wake pasipo kukiacha chakula cha wazazi wake hana budi kuanza kwa kuvihesabu vitu hivyo.

Zamani kupunguza mwili hakukuwa na heshima kubwa kwetu, na sababu zake si za kudharauliwa. Katika nchi ambazo mvua ikikosa ghala hubaki tupu, mwili mnene ulikuwa ushahidi wa riziki na matunzo mema: mke aliyenawiri alikuwa sifa ya mumewe, na mtoto aliyejaa mashavu alikuwa sifa ya mama yake. Kisha katika miaka ya 1980 yakazuka maradhi ya UKIMWI, ambayo huko Uganda watu waliyaita silimu kwa jinsi yalivyowakondesha wagonjwa, na tangu hapo kukonda kukaongezewa hofu juu ya aibu, hata mtu aliyepungua kilo chache kwa hiari yake akawa hana raha mpaka awaeleze jirani kwamba haumwi. Walakini zama zimegeuka. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2008 na 2009, wanawake waliozidi uzito unaofaa walikuwa 25 katika kila 100. Uchunguzi wa 2014 ukawakuta ni 33. Tanzania nayo, katika uchunguzi wa 2015 na 2016, ilikuwa na 28. Pamoja na uzito huo yamekuja maradhi ya kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti, ambayo sasa hayachagui tajiri wala maskini.

Matabibu hupima jambo hili kwa kuzigawa kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa nafsi yake. Jawabu likiwa kati ya 18.5 na 25, uzito ni wa kadiri. Likivuka 25, umezidi. Likifika 30, unene umepindukia. Mwanamke mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 77 amekwisha kuufikia mpaka huo wa 30. Kipimo hiki hakitambui tofauti ya misuli na shahamu, kwa hiyo ni vyema kupima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, maana mafuta yanayojikusanya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Gramu moja ya wanga, ya sukari au ya protini huupa mwili nishati ya takriban kalori 4, ilhali gramu moja ya mafuta hutoa 9. Na sheria hii haibagui mafuta ya alizeti, ya mawese, ya nazi wala samli. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ambacho ni kama gramu 14, kina kalori zaidi ya 120. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka katika dumu, akikisia kwa macho kama alivyofundishwa na mamake, anaweza kutia vijiko sita au vinane katika sufuria ya mchuzi wa watu wanne bila ya mtu yeyote kuonja tofauti. Ndiyo maana nashauri kwamba kifaa cha kwanza cha mwenye kutaka kupungua kiwe kijiko cha kupimia kilicholazwa kando ya dumu hilo, kwani gharama yake ni ndogo na faida yake huonekana hata katika matumizi ya nyumba.

Sukari inataka taamuli zaidi, kwa kuwa hupita kwa njia ya kinywaji, na kinywaji hakishibishi. Mwili uliokunywa kalori hauzipunguzi katika mlo unaofuata kama unavyozipunguza baada ya kula kitu cha kutafuna. Kwa hiyo chai na soda huongezeka juu ya chakula, hazichukui nafasi yake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe vitatu kwa siku, amekula gramu 36, nazo ni kalori zinazokaribia 150; na chupa moja ya soda ya mililita 300 ina gramu zaidi ya 30, ambazo kuzitumia kwa miguu kwataka mwendo wa takriban nusu saa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya hiyo, yaani karibu gramu 25, ambazo ni vijiko sita tu. Mnywaji wetu wa chai amekwisha kuvuka kiasi hicho kabla hajaonja kitu kingine.

Hapa dawa yake ni rahisi, na haitaki chai iachwe. Ulimi hujifunza: mtu akipunguza nusu kijiko kila wiki, haupiti muda mrefu ila kikombe cha zamani kitamchukiza kwa utamu. Fauka ya hayo, watu wa pwani wamejaaliwa viungo vyenye harufu ya kuficha upungufu huo, kama iliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai, na chai iliyochemshwa navyo vizuri haihitaji sukari nyingi ili iwe na ladha. Maji ya matunda nayo yasitudanganye, maana machungwa manne yaliyokamuliwa hunywewa kwa dakika moja, ilhali ni wachache wawezao kuyala manne kwa mfululizo.

Nazi ina sheria yake, nami sitaki kusikia ushauri wa wale wanaoitoa nazi katika jiko la Mswahili kana kwamba ni sumu. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta kiasi cha thuluthi yake, na sehemu kubwa ya hayo hutoka katika mkamuo wa kwanza, yaani kasimele. Taksiri yetu haiko katika kula nazi, bali katika kuila mara nyingi kwa siku moja bila ya kutanabahi. Asubuhi mahamri yamekandwa kwa tui, na yanaliwa kwa mbaazi za nazi; adhuhuri wali ni wa nazi na mchuzi wa samaki ni wa nazi; usiku muhogo umeungwa kwa nazi, na hata kisamvu chake hakikusalimika. Ushauri wangu ni kwamba nazi ipewe chombo kimoja kwa siku, nacho kipewe haki yake. Kama leo kuna samaki wa kupaka, wali uwe mweupe, wa maji na chumvi. Na kama wali ndio utakaotiwa nazi, basi utumie tui la pili, na samaki achomwe juu ya makaa kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Mwenye kujaribu hivi ataona kwamba ladha ya nazi huzidi kutambulika pale isiposhindana na nazi nyingine.

Kukaanga kwa kuzamisha ni jambo gumu zaidi kutetea. Andazi, sambusa, bajia, viazi karai na chipsi hunywa mafuta katika karai, na mafuta yasiposhika moto vizuri hunywewa zaidi. Si lazima vitu hivi viharimishwe. Mahamri ya Ijumaa hayajamnenepesha mtu, lakini ya kila asubuhi humnenepesha. Siku nyingine muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, pamoja na yai au bakuli la mbaazi zisizo na tui zito, hubeba tumbo mpaka adhuhuri vizuri zaidi kuliko maandazi matatu ya unga mweupe. Kuhusu vitafunio vya viwandani, biskuti na soseji na mfano wake, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliwaweka watu 20 chini ya uangalizi, wakala wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mmoja kwa kadiri ya hamu yake. Walipokula vya viwandani walizidisha takriban kalori 500 kila siku, bila ya kuhisi kwamba wamezidisha.

Tukija kwenye mlo wenyewe, sinia la pamoja lina baraka zake, lakini watu wanne wanaokula kutoka mlima mmoja wa wali hawawezi kujua kila mmoja amekula kiasi gani. Anayetaka kupungua na apakue katika sahani yake, nusu yake ikiwa mboga, robo wali au ugali, na robo samaki, maharage, choroko au nyama isiyo na shahamu nyingi. Mchicha, matembele, bamia, mchunga na kachumbari ni vitu vya bei nafuu sokoni, navyo hujaza tumbo kwa kalori chache. Unga wa dona hushibisha kuliko sembe kwa kuwa haukukobolewa. Na kula kwa taratibu kuna hikima ya kimwili, kwa sababu habari ya shibe hukawia takriban dakika 20 kufika katika ubongo.

Kujinyima kabisa hakufai. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Walikonda, lakini pia walitawaliwa na fikira za chakula usiku na mchana, wakawa na huzuni na hasira, miili yao ikapunguza matumizi ya nishati, na waliporuhusiwa kula wengi walishindwa kujizuia. Majani ya kuharisha yanayouzwa kwa jina la chai ya kukondesha hutoa maji, hayatoi mafuta. Na baadhi ya vidonge vya kukondesha vimekutwa vimefichwa ndani yake sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo.

Habari njema ni kwamba haihitajiki kupungua sana. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, uliowahusu watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliwataka waliobadili chakula na mwendo wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao na watembee dakika 150 kwa wiki. Wakapatwa na kisukari kwa uchache wa asilimia 58 kuliko wenzao. Kwa yule mwanamke wa kilo 77, kiasi hicho hakifiki kilo 6. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, ni kazi isiyozidi miezi mitatu. Mjamzito, anayenyonyesha, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa wamwone tabibu kwanza.

Kikwazo kilichobaki ni ada zetu za ukarimu, hasa katika Ramadhani, ambapo kaimati, sambusa, tambi na ndizi za nazi hukutana katika jamvi moja, hata wapo wanaoumaliza mwezi wa saumu wakiwa wazito kuliko walivyouanza. Anayeshika mwiko ana uwezo mkubwa kuliko anayekula: yeye ndiye ajuaye ni kiasi gani cha mafuta kilichoingia chunguni, na akipunguza kwa mmoja huwa amewapunguzia wote, watoto wakiwamo. Mwenyeji naye asimlazimishe mgeni kwa kumwambia "ongeza kidogo, mwanangu" mara ya tatu. Mgeni akiinua mkono na kushukuru, na aletewe kahawa chungu, na kando yake vipande vya chungwa au tikiti mahali pa kashata na halua.