Je, Wajua? Farasi na Kasino Mlangoni pa Hazina

Je, wajua kwamba kijana wa Makambako anaweza kubeti mbio za farasi bila farasi yeyote kukimbia popote duniani? Ni farasi wa kompyuta. Wanatokea kwenye skrini ya duka la kubeti, wanakimbia, mshindi anatangazwa, na dakika chache baadaye wanapangwa wengine. Hawali majani, hawaugui, hawana mpanda farasi wa kulipwa mshahara. Ukiona kwa nini wafanyabiashara walimpenda farasi wa namna hiyo, umeshaelewa nusu ya ugomvi wa viwanja vya farasi na kasino, ugomvi ambao kila upande unaitaka serikali iwe mlezi wake.

Je, wajua farasi wa kweli wanagharimu nini? Banda, chakula, daktari wa mifugo, mkufunzi, mtu wa kuwaogesha na kuwatembeza kila alfajiri, na ekari nyingi za uwanja. Mbio zenyewe ni dakika moja au mbili, kisha watazamaji wanasubiri karibu nusu saa hadi mbio zinazofuata. Mashine ya sloti, dubwi kama vijana wanavyoiita, inataka umeme na kona ya duka. Sarafu inaingia, picha zinazunguka, zinasimama, na mkono umesharudi mfukoni kutafuta sarafu nyingine. Yote hayo ni sekunde chache. Kwa mwendo huo, uwanja wa farasi hauwezi kushindana na dubwi kwa fedha ya mtu huyohuyo mmoja.

Je, wajua mbio za farasi wa kweli zimezoeleka hapa hapa Afrika Mashariki? Uwanja wa Ngong, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo tayari Kenya ilikuwa na majina makubwa kwenye mchezo huu. Beryl Markham, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, alikuwa kwanza mkufunzi wa farasi, na farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger za Kenya mwaka 1926.

Je, wajua New Jersey, Marekani, iliwapata wapinzani hawa wawili ndani ya mwaka mmoja? Septemba 1976 ulifunguliwa uwanja wa farasi wa Meadowlands. Novemba mwaka huohuo wananchi walipiga kura kuruhusu kasino katika mji wa pwani wa Atlantic City, na kasino ya kwanza, Resorts, ikafungua milango Mei 1978. Viwanja vya farasi vilipoanza kudhoofika, vikaomba navyo viruhusiwe kuweka mashine za sloti. Kasino zikasema hapana. Na ili hapana hiyo isimame, zikatoa fedha: mwaka 2004 zilikubali kulipa dola milioni 86 kwa miaka minne, na mwaka 2008 dola milioni 90 kwa miaka mitatu, ziende kwenye zawadi za washindi wa mbio. Sharti lilikuwa moja, kwamba mashine zisiingie viwanjani. Mfanyabiashara alikuwa anamlisha jirani yake ili jirani asifungue duka kama lake.

Mwaka 2010 akaingia gavana mpya, Chris Christie. Akaunda tume chini ya Jon Hanson, na tume ikashauri serikali iache kubeba mbio za farasi, nguvu ielekezwe Atlantic City. Viwanja vikakabidhiwa watu binafsi. Kasino mpya kubwa, Revel, ikaahidiwa nafuu ya kodi ya dola milioni 261. Ilifunguliwa Aprili 2012. Septemba 2014 ilikuwa imefungwa, na mwaka huo mmoja kasino nne za mji ule zilifunga, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Hapo ndipo ninapokosana na wanaosema serikali ichague mshindi. Ilimwacha farasi ikamshika kasino, na kasino naye akaanguka, kwa sababu Pennsylvania ya jirani ilikuwa imeshafungua kasino zake na wachezaji hawakuwa na haja tena ya kusafiri hadi pwani.

Je, wajua ngoma haikuishia hapo? Mwaka 2016 wapiga kura wa New Jersey waliulizwa kama kasino zijengwe pia kaskazini ya jimbo, ambako Meadowlands iko. Zaidi ya asilimia 77 walikataa. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafungua njia kwa majimbo kuruhusu kubeti michezo, na tarehe 14 Juni dirisha la kwanza jimboni humo lilifunguliwa kwenye uwanja wa farasi, Monmouth Park, si kwenye kasino. Gavana Phil Murphy mwenyewe alifika akaweka dola 20 kwamba Ujerumani itachukua Kombe la Dunia. Ujerumani ilitolewa hatua ya makundi. Mkeka wa gavana ukachanika kama wa mtu mwingine yeyote. Mwaka uliofuata jimbo likarudisha ruzuku ya farasi, dola milioni 20 kwa mwaka.

Je, wajua Kanada hoja ilikuwa farasi au hospitali? Jimbo la Ontario lilianza mwaka 1998 kuweka mashine za sloti ndani ya viwanja vya farasi na kugawana mapato. Fungu la farasi lilifika takriban dola milioni 345 za Kanada kwa mwaka. Machi 2012 serikali ikatangaza kuufuta mpango huo, ikisema fedha hiyo inahitajika kwenye afya na elimu. Mwaka mmoja baadaye mashine hazikuwa tena za kugawana, na wafugaji wengi wakauza farasi wao au kuacha kuwazalisha. Sisi tunaoijua Hospitali ya Konsolata ya Ikonda, tunaoona wagonjwa wanavyoipanda milima ya Makete kutoka mikoa ya mbali, hoja ya afya tunaielewa bila kufafanuliwa. Lakini mfugaji aliyepanga maisha yake kwa mpango uliodumu karibu miaka kumi na tano naye alistahili zaidi ya notisi ya mwaka mmoja. Pennsylvania ilijaribu jambo kama hilo mwaka 2020, gavana Tom Wolf alipotaka karibu dola milioni 200 za mfuko wa farasi ziwasomeshe wanafunzi wa vyuo. Wenye farasi walipinga, na bunge halikumkubalia.

Je, wajua klabu ya farasi ya Singapore iliishi miaka 182? Ilianzishwa mwaka 1842. Kasino mbili kubwa zilifunguliwa nchini humo mwaka 2010, na mbio za mwisho zilikimbiwa tarehe 5 Oktoba 2024. Ardhi inarudi serikalini, sehemu yake kwa ajili ya nyumba za wananchi.

Na Macau, mji wa kasino kuliko yote duniani, ulifunga mbio zake mwaka huohuo, mwishoni mwa Machi. Ng'ambo ya maji, Hong Kong haina kasino hata moja, na klabu yake ya farasi ni miongoni mwa walipa kodi na watoa misaada wakubwa kabisa wa mji. Mafahali wawili, zizi moja.

Je, wajua farasi wa Uingereza waligoma? Tarehe 10 Septemba 2025 viwanja vinne vilivyokuwa na ratiba havikukimbiza farasi. Serikali ilikuwa inafikiria kuunganisha kodi ya kubeti mtandaoni, iliyokuwa asilimia 15, na ile ya michezo ya kasino mtandaoni, iliyokuwa asilimia 21. Wenye farasi walisema kuwekwa kapu moja na kasino ni kuwaua. Novemba bajeti ilisomwa: kasino za mtandaoni zipande hadi asilimia 40 kuanzia Aprili 2026, farasi wabaki kwenye 15. Ni nadra kuona mgomo wa siku moja ukizaa matunda namna hiyo.

Ndugu zetu walioko Ghuba wana picha nyingine kabisa. Dubai World Cup, iliyoanza mwaka 1996, mshindi wake wa kwanza akiwa farasi Cigar wa Marekani, ina mbio za zawadi ya dola milioni 12, na uwanjani hakuna dirisha la kubeti. Fedha inatoka kwa watawala na wadhamini.

Je, wajua Kenya ilionyesha mapema tunachopaswa kukihofia? Hapo mlalamikaji alikuwa mpira, si farasi. Sheria ya fedha ya mwaka 2017 iliweka kodi moja ya asilimia 35 kwa kubeti, kasino na bahati nasibu pamoja; kabla yake kubeti kulilipa asilimia 7.5 na kasino 12. Kodi ilianza Januari 2018, na siku zilezile za mwanzo wa mwezi kampuni ya kubeti ya SportPesa ikafuta udhamini wake Kenya. Klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini. Miezi sita tu nyuma, Julai 2017, kampuni hiyohiyo ilikuwa imewaleta Everton ya Uingereza kucheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali ambalo watu bado wanalisimulia.

Je, wajua Tanzania nayo ilijaribu kulijibu swali hili ndani ya kodi? Bajeti ya 2021/22 ilipendekeza kupandisha kodi ya michezo ya kubashiri kutoka asilimia 25 hadi 30 ya kinachobaki kwa kampuni baada ya kulipa washindi, na ile 5 ya nyongeza itengewe Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Naiunga mkono njia hiyo. Klabu inayomtegemea mdhamini inaweza kuamka asubuhi haina kitu. Fungu lililoandikwa kwenye sheria lina mwenyewe wa kuulizwa. Viwango vya kodi huweza kubadilika kila Juni, kwa hiyo bajeti inaposomwa Dodoma, una haki ya kumuuliza mbunge wako wa Njombe au Makete fungu hilo limefika wapi.

Na je, wajua? Mwaka 2017 zilipanda Ligi Kuu timu tatu: Singida United, Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Singida United ilipata udhamini wa SportPesa. Njombe Mji ilicheza nyumbani, uwanja wa Sabasaba, msimu mmoja, ikashuka mwaka 2018, na haijarudi.