Amana Iliyo Katika Simu

Zamani mwizi alilazimika kuvunja mlango. Siku hizi mwenye mali humfungulia mwenyewe kwa kidole chake. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa kikasha cha fedha za watu wetu. Mkulima wa mboga wa Uluguru hulipwa bila ya kushuka mjini, na mzazi wa Mafiga humpelekea mwanawe ada Dar es Salaam kwa dakika moja. Hii ni neema. Lakini ufunguo wa kikasha hicho ni namba ya siri, na wezi wamekwisha kujua ya kuwa kumdanganya mwenye ufunguo ni rahisi kuliko kuvunja kufuli.

Hila zao ni nyingi. Mmoja hueneza ujumbe usemao, fedha zile zitume kwenye namba hii. Hamjui yeyote, ila hutumai kuwa miongoni mwa wengi yumo anayedaiwa kodi ya nyumba. Wa pili huiga ujumbe wa kupokea fedha, kisha hulia kwamba amekosea, arejeshewe; nawe ukarejesha usichopokea. Wa tatu hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu.

Chungu hakisimami ila kwa mafiga matatu, na kinga yetu ni vivyo hivyo. Figa la kwanza: namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa anayejiita mtumishi wa kampuni. La pili: kabla ya kutuma au kurejesha, tazama salio lako, na umpigie umjuaye kwa namba yake ya siku zote. La tatu: piga *106# ujue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli ipeleke 15040. Aliyekwisha kuibiwa aiarifu kampuni yake na polisi saa ile ile, wala asione haya.

Walakini hiyo ni nusu ya khabari. Taarifa za TCRA za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ya mbele kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Basi mwizi huyu si lazima awe mgeni wa mbali. Huenda tukaswali naye safu moja. Hatusemi kila kijana mwenye simu mpya ni mwizi. Twasema aulizwe. Mzazi anayepokea kitoweo kila siku kutoka kwa mwana asiye na kazi ijulikanayo, naye akanyamaza, amekula pamoja naye.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamngoja mkosaji mahakamani. Nyumbani wanaomngoja ni baba na mama. Nao wamfundishe mapema kwamba fedha ya hila ni dhuluma, na toba ya dhuluma haitimii mpaka mali irejee kwa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.