Siku nne Bruxelles: tulienda kutembea, tukakuta shaba ya kwetu

Tangu turudi toka Ulaya watu wa Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kolwezi wanatuuliza kila siku, kanisani, sokoni, mpaka kwenye foleni ya maji: "Kule Mputu mulienda kuona nini?" Tunawajibu wote hapa mara moja. Sisi ni watu wawili, bwana na bibi, wenye miaka 25 ya ndoa. Watoto wamekuwa wakubwa, na kwa sikukuu hiyo tuliweka akiba miaka mitatu ili tupate siku nne katika mji mkuu wa Ubelgiji. Hatukuenda kwa biashara wala kwa matibabu. Tulienda kutembea tu.

Lakini baba ya bibi alitupa kazi. Muzee huyo aliteremka katika mgodi wa Kipushi tangu mwaka 1961 mpaka ulipofungwa mwaka 1993. Tulipoenda kumuaga alisema: "Miaka 32 tulikuwa tunapandisha mukuba, treni inabeba, inaenda. Mie sikujua inafika fasi gani. Mukifika kule, muniangalilie." Tulicheka. Tuliona ni maneno ya wazee.

Karatasi kwanza

Kwa wale wenye kutaka kujaribu, mjue kwamba safari inaanza kwa karatasi, si kwa ndege. Viza ya Schengen ya siku chache ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ukikataliwa. Wanadai bima ya safari yenye kufikia euro 30.000 za matibabu, tiketi ya kwenda na kurudi, karatasi za kazi na za benki, na mahali pa kulala. Sisi tulikuwa na mdogo wa bibi anayeishi kule. Ni yeye alitufanyia ile karatasi ya prise en charge katika komine yake. Anza mapema, na usimpe mtu wa njiani makuta yako eti atakufanyia viza haraka.

Tulipitia Addis Ababa. Toka uwanja wa ndege wa Zaventem, treni inakufikisha katikati ya mji kwa muda wa dakika 20 hivi. Majina yote ya barabara yameandikwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiflamand, basi usidhani umepotea ukiona jina usilolijua. Tiketi moja inatumika saa nzima kwa metro, tramu na basi. Na chukua viatu vya kutembea, si vya misa.

Uwanja wa mafundi

Siku ya kwanza tulienda Grand-Place, uwanja mkubwa wa zamani. Ukisimama katikati, kila upande kuna nyumba ndefu, nyembamba, zenye dhahabu juu ya madirisha, na mnara wa hôtel de ville wenye mita 96. Mwaka 1695 mizinga ya jeshi la Ufaransa ilibomoa karibu uwanja mzima. Waliojenga tena, na kwa miaka michache tu, ni vyama vya mafundi. Hii ni nyumba ya waoka mikate, ile ya watengeneza bia, ile nyingine ya wenye mitumbwi. Kila kazi iliweka alama yake ukutani, na mpaka leo mgeni anaonyeshwa: hapa palikuwa pa wale, pale pa wale. Nyumba ya wachinja nyama inaitwa Le Cygne. Humo, mwaka 1885, ndimo kilizaliwa chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji.

Bibi alisema: "Huku fundi iko na nyumba yenye jina yake." Neno hilo tulitembea nalo siku zote nne.

Karibu na hapo kuna Manneken Pis, katoto kanakokojoa. Watu wengi wanasukumana kukapiga picha, na kumbe ni kadogo, sentimita 55 hivi! Kana nguo zaidi ya 1.000 walizokapa watu wa nchi mbalimbali. Tulikula vitoweo vya mji: viazi vya kukaanga mara mbili katika mafuta ya ng'ombe, na gaufre ya moto. Ni tamu, lakini usiku bibi aliulizia bukari.

Mipira tisa

Siku ya pili asubuhi tulipanda metro ya sita mpaka Heysel kuona Atomium. Ni mipira tisa mikubwa ya chuma inayong'aa, imeunganishwa kwa mabomba, na kimo chake ni mita 102. Waliijenga kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1958, ikae miezi sita tu, haikuondolewa. Umbo lake ni la punje za chuma jinsi zinavyopangana, zimekuzwa mara bilioni 165. Unapanda kwa lifti mpaka mpira wa juu, unaona mji mzima. Ndani ya mabomba kuna ngazi za umeme zinazopita mpira hata mpira. Mchimbaji yeyote atapenda kuona namna ile kazi ilivyofungwa.

Ila mtu wa Haut-Katanga akisikia neno atomu, anafikiria Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uranium ya pale ilisafirishwa Marekani wakati wa vita, ikaingia katika mabomu yaliyoangushwa Japani mwaka 1945. Na katika maonyesho hayo ya 1958 waliweka pia kijiji cha Wakongo, watu wazima na watoto, ili wageni wawatazame. Wageni wengine waliwatukana, wakawatupia ndizi, mpaka Wakongo hao wakakataa na kurudi kwao kabla ya maonyesho kwisha. Wazee wengine wenye umri wa Muzee wetu wanakumbuka mwaka huo.

Jiwe chini ya farasi

Mchana tulishuka Matonge, katika komine ya Ixelles, kwenye Chaussée de Wavre. Hapo hakuna haja ya kueleza: makayabo, sombe, wax, saluni za nywele, Lingala na Kiswahili barabarani. Mwenye kukosa bukari anaipata. Pembeni, karibu na Porte de Namur, kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Uliwekwa tarehe 30 mwezi wa sita 2018. Tulisimama pale kimya. Aliuawa kwetu, karibu na mji wetu, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, na kilichobaki cha mwili wake ni jino moja tu, ambalo Ubelgiji ilirudisha kwa familia yake mwaka 2022.

Toka pale ukitembea dakika chache unafika Place du Trône, nyuma ya jumba la mfalme. Kuna sanamu ya Léopold II juu ya farasi. Iliwekwa mwaka 1926; mwaka 2020 waandamanaji waliimwagia rangi. Tulitaka kupita tu. Bibi ndiye aliyeona kuna maandishi kwenye jiwe, akakaribia, akasoma kwa sauti, kisha akaniita: "Bwana, kuya usome tena."

Maandishi yanasema kwamba shaba na bati vya sanamu hii vimetoka Congo belge, na kwamba vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

"Hii ni mukuba ya kwetu!" bibi alisema. Watu wawili waliokuwa wanapita waligeuka kutuangalia.

Tufikirie kidogo. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1906. Sanamu ni ya mwaka 1926. Basi shaba hiyo ilichimbwa na baba za baba zetu, wale waliotolewa Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, wakaletwa kwenye kambi za kazi, na wengi wakafa huko kwa magonjwa ya kifua na ya tumbo. Jiwe linasema ni nani aliyetoa shaba. Halisemi ni nani aliyeichimba. Na mtu anatoaje bure kitu ambacho mwingine amekitolea jasho?

Jioni tulituma picha kwa simu ya mjukuu, akamuonyesha Muzee. Alinyamaza muda mrefu, tukadhani reseau imekatika. Kisha akauliza neno moja: "Na majina ya wenye walichimba, iko nyuma ya jiwe?"

Tulikuwa tumezunguka jiwe lote. Hayako.

Majina kwenye kivuli

Siku ya tatu tulichukua tramu 44 toka Montgomery. Inapita katikati ya msitu mzuri mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa mwaka 1910, likafungwa 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena mwisho wa 2018. Enda asubuhi, maana siku haitoshi. Kuna mtumbwi wa mti mmoja wenye mita 22 na nusu. Kuna chumba cha mawe ya migodi, na hapo tulikaa kama watu waliokutana na ndugu: malachite ya kijani, mawe ambayo watoto wetu wanayauza kando ya barabara.

Katika ukumbi mmoja ukuta mzima umeandikwa majina ya Wabelgiji 1.508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Wakongo waliokufa wakati huohuo hawamo. Lakini msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika juu ya vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba. Jua likitoka, vivuli vya majina hayo vinaanguka juu ya ukuta, juu ya majina yale mengine. Siku ile jua lilitoka kidogo, tukayaona.

Wale saba ni akina nani? Mwaka 1897 Léopold II alileta Wakongo 267 Ubelgiji ili waonyeshwe. Ilikuwa kiangazi cha baridi na mvua, na saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, si mbali na jumba. Tulienda. Ni mawe saba, kila moja na jina lake. Bibi aliyasoma yote moja moja, kama vile tunafanya kwetu kwenye matanga.

Wachimbaji wa kule

Siku ya nne wengine wangeenda kununua chokoleti. Sisi tulichukua treni mpaka Charleroi, muda wa saa moja hivi, kisha Marcinelle, kwenye mgodi wa zamani wa makaa ya mawe unaoitwa Bois du Cazier. Tunawashauri familia zote za wachimbaji: mkifika Bruxelles, msikose kwenda.

Tarehe 8 mwezi wa nane 1956, asubuhi, kule chini mita 975, wagoni moja haikuingia vizuri katika cage. Cage ikapanda kabla ya wakati, wagoni ikakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa. Moto ukawaka. Watu 275 walikuwa chini, walikufa 262. Kati yao 136 walikuwa Waitalia, maskini waliokuja kwa sababu mwaka 1946 serikali ya Italia ilikubali kutuma wafanyakazi ili ipate makaa. Wake zao walisimama siku nyingi kwenye mlango wa chuma, wakiushika kwa mikono. Mlango bado upo.

Bibi aliushika. Mtoto wa mchimbaji hahitaji kuelezwa mama zile walikuwa wanangojea nini.

Leo ule mgodi hautoi makaa tena, na wote 262 wameandikwa juu ya marumaru, jina kwa jina, toka mataifa 12. Kuna pia sura zao. Mtoto wa mtoto anaweza kuja toka Italia akasema: huyu ni babu yangu. Kwa hiyo tusiseme kwamba Mputu hawajui kuandika jina la mchimbaji. Wanajua. Ni jina la mchimbaji wetu ndilo halikuandikwa, na kulingoja toka kule ni kungoja sana.

Kazi yetu sisi

Kuchukia safari? Hapana. Tulicheka sana, tulikula moules, tulipiga picha nyingi, na saa tatu za usiku jua lilikuwa bado liko. Mwenye nafasi aende. Lakini mwenye kwenda na mwenye kubaki, wote wana kazi moja hapa nyumbani.

Nunua kaye la shule. Kaa na muzee wako jioni, uandike: jina lake lote, matricule yake, mgodi gani, mwaka aliingia, mwaka alitoka, alitoka kijiji gani, kapita wake alikuwa nani. Kisha umuulize majina ya wale aliofanya nao kazi, na zaidi ya wale wenye hawakupanda tena. Usiharakishe, majina yanakuja polepole. Andika pia ya bibi zao, maana kambi iliishi kwa mikono ya wamama.

Sisi tumekwisha kuanza. Muzee wa Kipushi ametupa majina 43 mpaka sasa, na kila asubuhi anaamka na lingine.