Bwana shamba, bei mwaka huu itakuwaje?

Poleni na ufuta, najua wengi mko kwenye kukung'uta.

Wiki iliyopita saa nne usiku simu yangu iliita. Kijana wa upande wa Ruangwa, ana mikorosho kama 120 aliyoachiwa na babu yake. Hata salamu hakumaliza. "Bwana shamba, bei ya korosho mwaka huu itakuwaje? Usingizi sipati." Nikamuuliza, kaka, umeshafyeka? Kimya. Umepogolea? Kimya. Salfa je, jina lako lipo kwenye daftari la wakulima? "Nasikilizia kwanza bei, bwana shamba."

Yaani mtu anakesha anawaza Oktoba, na kazi ya Mei inamsubiri mlangoni. Simu za namna hii napokea nyingi, za Nachingwea na za Ruangwa, kwa hiyo leo tuliongee hili: kuiwaza kesho kunamsaidia mkulima au kunammaliza?

Nianze na yangu. Mwaka 2017 nililima ekari tatu za mbaazi, kwa sababu bei ya nyuma ilikuwa tamu na mimi nilikuwa na haraka ya kujenga. Mbaazi zikakubali kweli kweli. Mwezi wa nane, ziko shambani zinakauka, serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwao: tani 200,000 kwa mwaka. India ndiyo ilikuwa soko letu. Bei ikaporomoka, wengine wakaziacha shambani zikapukutika. Sasa niambie, ningekesha nikiwaza tangu Desemba nilipopanda, ningebadilisha nini New Delhi? Hakuna. Ila kuna swali moja ambalo lingenisaidia: je, zao hili likikosa soko, nitakula nini na ada nitalipa kwa nini? Jirani yangu alikuwa na mbaazi ekari moja, ufuta ekari mbili na mihogo. Aliumia, lakini hakuuza baiskeli. Mimi niliuza pikipiki.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya korosho. Msimu wa 2017/18 kuna minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu wakaezeka, wakaoa, wakakopa wakihesabu 4,000 nyingine. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yakaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri, ila kulikuwa na uhakiki wa mashamba na wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Aliyekuwa na akiba ya miezi michache alisubiri. Asiyekuwa nayo, tunajua alikwenda wapi.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hasara kubwa ninayoiona kwenye vijiji vyetu inaletwa na hofu yenyewe kuliko bei. Kangomba inaishi kwa hofu. Mtu anakuja mwezi wa sita, anakukuta huna hela ya shule na unawaza mnada utakuwaje, anakwambia "mwaka huu korosho hazina bei, chukua hii kabisa." Unauza maua! Korosho bado hata tegu haijatoka. Kipimo chenyewe ni chake, na pia ni kinyume cha sheria. Ikifika Oktoba, mzigo ulioulimia wewe unapita mnadani kwa jina la mwingine. Ukiwa na wasiwasi wa ada, njoo tuongee mapema kuhusu ufuta, kuku, hata kibarua. Usiuze maua.

Hofu ya haraka ilishawahi kutupitia huku kwa ukubwa wa ajabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walihofia uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatuma wataalamu watatu, wakazunguka wiki tisa tu, sana sana kwa ndege, wakapendekeza karanga zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi huku. Wiki tisa hazikutosha kuujua udongo wa Kongwa, ambao ukikauka jembe linadunda, wala kuzijua mvua zake. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni kama milioni 36 zimekwenda, na baadaye hata reli ikang'olewa. Walikuwa na hofu tele, kipimo cha mvua ndicho walichokiruka.

Sasa kuna kitu kimoja nataka ukiwaze mpaka kikukoseshe usingizi: ubwiriunga. Huu hausubiri uuone. Ukiona unga mweupe umetanda kwenye maua, umeshachelewa. Machipukizi mapya yakianza kutoka, kagua shamba kila wiki, na salfa ya unga ianze mapema: gramu 250 kwa mti mkubwa, rudia kila baada ya siku 14, alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia. Ukikosa mzunguko mmoja kwa sababu mashine haikupatikana, ugonjwa hautakuhurumia. Na angalia mbu wa mikorosho kwenye machipukizi hayo hayo.

Kijana wangu nilimwambia nisichojua sikijui, bei simo. Jana kanitumia picha WhatsApp, amefyeka kama robo ya shamba, na ameandika: "Mashine ya kupulizia ya kukodi naipata wapi?" Huku kwangu zote zimeshashikwa. Mwenye nayo maeneo ya Ruangwa anitafute, nimuunganishe naye kabla ya Juni.