Kwa Nini Kinda la Chatu Hukataa Kula

Sogeeni karibu, watoto, niwasimulie habari za chatu. Si yule mkubwa anayetajwa na wazazi ili mrudi nyumbani kabla giza halijaingia. Huyu wa leo ni kinda. Ametoka ndani ya yai juzijuzi, urefu wake haufiki hata mita moja, na kuna jambo linalowasumbua wote wanaomtunza: amewekewa chakula mbele yake, tena kizuri, naye hakigusi.

Wengi humwona mkaidi. Hebu kwanza twende kwao tukaone anavyozaliwa, ndipo tuamue.

Ukitoka Moshi mjini ukashuka kusini kuelekea Arusha Chini, unaiacha migomba na kahawa na kuingia nchi ya joto. Kuna mpunga wa Mabogini na Chekereni, kuna mashamba makubwa ya miwa ya TPC, na mbele zaidi kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu. Penye mpunga na miwa hapakosi panya, na penye panya nyoka hawako mbali. Nchi kama hiyo, yenye joto, maji na mashimo ya kujificha, ndiyo inayomfaa chatu. Huko juu Marangu na Kibosho, kwenye ukungu na baridi ya mwezi wa saba, hapamfai.

Chatu jike akitaka kutaga hutafuta shimo lililoachwa na muhanga au mnyama mwingine mchimbaji. Humo hutaga mayai yake, mara nyingi zaidi ya 30, kisha hujiviringisha kuyazunguka. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliwafuatilia majike wa chatu wa kusini mwa Afrika kwa miaka kadhaa. Aliwawekea vifaa vya redio mwilini ili ajue walipo, na kamera ndani ya mashimo ili aone wanachofanya. Alichokiona alikichapisha mwaka 2018.

Aliona hivi. Wakati wa kuzaa, ngozi ya jike hugeuka kuwa nyeusi, na ngozi nyeusi hunasa jua upesi. Asubuhi hutoka, hulala mdomoni mwa shimo na kuota jua mpaka mwili wake unafikia karibu nyuzi joto 40. Kisha hurudi ndani na kuyakumbatia mayai, akiyapa joto lile alilolichota nje. Hufanya hivyo siku baada ya siku, na muda wote huo hali kitu. Kwa zaidi ya nusu mwaka anakaa na njaa, na uzito wake hupungua kwa karibu asilimia 40.

Makinda wakianguliwa, hawatawanyiki siku hiyohiyo. Hukaa naye kwa takriban wiki mbili. Mchana huota jua jirani na shimo, usiku huingia katikati ya mikunjo ya mama yao kupata joto. Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ulipo moyo wa hadithi: mama huyu hamletei mwanawe hata panya mmoja. Anachompa ni vitu vitatu tu, navyo ni joto, giza na utulivu. Kula, kinda atajifundisha mwenyewe.

Mtauliza, kwa siku zote hizo anaishi kwa nini? Anaishi kwa kiini cha yai. Kabla ya kutoka, kinda hupasua ganda kwa kijino kidogo kilichoko kwenye ncha ya pua, hutoa kichwa na kutulia hapohapo, mara nyingine siku nzima, huku kiini kilichobaki kikiingia tumboni mwake. Akiba hiyo ndiyo inayomlisha. Baada ya wiki moja au mbili hujivua gamba kwa mara ya kwanza, na ni hapo ndipo njaa ya kweli inapoanza. Anayemlazimisha kula kabla ya hapo anamsumbua bure, kwa kuwa mtoto huyo bado ameshiba.

Sasa tumwone akiwinda. Ni usiku, naye yuko kwenye maficho. Ulimi wake wenye ncha mbili unatoka na kurudi, ukikusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilichoko juu ya kaakaa. Pembeni mwa midomo yake kuna vishimo vidogo vyenye kuhisi joto. Panya akipita gizani, kinda haoni umbo lake vizuri, lakini joto la mwili wake analipata. Shingo inajikunja taratibu kama herufi S. Ghafla anaruka, anauma, na kabla hujafumba jicho amekwisha kumzungushia panya mikunjo miwili mitatu. Panya anapotulia, kinda halegezi upesi. Anasubiri, kisha anampapasa kwa ulimi mpaka apate kichwa, na kwa kichwa ndiko anakoanzia kumeza, ili miguu na manyoya yalale vizuri kuelekea nyuma.

Tukisha kuyajua hayo, tumgeukie ndugu yake anayefugwa majumbani. Ni chatu mdogo ambaye wataalamu humwita Python regius. Kwao ni Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegal mpaka kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo Tanzania hayupo porini. Akiogopa hajitayarishi kupigana. Hujikunja akawa mviringo, akaficha kichwa katikati, ndiyo maana Wazungu humwita chatu wa mpira. Kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimesafirisha maelfu kwa maelfu ya chatu hawa kwenda Ulaya na Marekani, na leo ni mmoja wa nyoka wanaofugwa sana duniani. Huko ndiko kilio cha wafugaji kinakosikika zaidi: kinda wangu hali!

Sababu ya kwanza ni baridi. Mwili wa nyoka haujitengenezei joto kama wetu, unalipata kutoka nje. Na kula ni kazi nzito kwa chatu. Watafiti waliompima chatu wa Burma walikuta kwamba siku mbili baada ya mlo mkubwa moyo wake unakuwa umeongezeka kwa asilimia 40, ili uweze kusukuma damu ya kusaga chakula. Bila joto kazi hiyo haifanyiki, na chakula huweza kuoza tumboni au kutapikwa. Kwa hiyo kinda anayehisi baridi hukataa kula, na ana haki. Ninyi mnaoishi mlimani mnalijua jambo hili vizuri: kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Kinda anayekula vizuri kwenye joto la Moshi mjini angeweza kugoma kabisa akipelekwa karibu na lango la Marangu, hata mtunzaji akiwa yuleyule na chakula kilekile.

Sababu ya pili ni hofu. Porini kinda wa chatu huyu hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu, mahali ambapo mwili unagusana na kuta pande zote. Mtu akimweka kwenye sanduku kubwa la kioo, taa inawaka, watu wanapita, na watoto wanamshika kila saa, yeye haoni nyumba. Anajiona yuko wazi mbele ya mwewe. Na mwenye kuogopa kuliwa hawezi kufikiria kula.

Sababu ya tatu ni chakula chenyewe. Panya aliyetoka kwenye friza akiwa baridi hatambuliki kuwa ni chakula, maana vile vishimo vya mdomoni havipati chochote. Tena huko Nigeria watafiti wamegundua kwamba porini chatu hawa wakiwa wadogo hula zaidi ndege, na panya huwazoea wanapokua. Hivyo kinda anayemshangaa panya huenda hajajua bado kwamba huyo naye analiwa.

Basi mtunzaji mwenye akili hufanya nini? Humuiga yule mama wa shimoni.

Huanza na joto. Upande mmoja wa kisanduku huwekwa kwenye nyuzi 31 au 32, upande wa pili karibu 26, ili kinda achague mwenyewe, na kipimajoto hukaa humo muda wote. Halafu giza: huweka kificho chembamba kila upande, kiasi cha kinda kuingia na kugusa kuta, pamoja na bakuli la maji. Kisha utulivu. Kwa wiki nzima hamshiki wala hamfungulii bila sababu.

Baada ya hapo ndipo chakula kinapokuja. Panya asizidi unene wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa kinda. Huyo panya awe amekwisha kufa, kwani panya hai akiachwa sandukuni huweza kumng'ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Barafu huyeyushwa taratibu, kisha panya huwekwa kwenye mfuko na kutumbukizwa kwenye maji ya moto mpaka apate joto la mnyama aliye hai, karibu nyuzi 38. Jioni, taa zikiwa zimezimwa, mtunzaji humshika kwa koleo refu na kumtikisa kidogo mbele ya kificho. Kinda asipomchukua, panya huachwa mlangoni usiku kucha na kuondolewa asubuhi. Kesho hajaribu tena. Husubiri siku tano hadi saba, kwa sababu kumsumbua kila siku kunamrudishia ile hofu. Macho yakiwa na ukungu, yaani yuko karibu kujivua gamba, humwacha. Akila, humwacha siku mbili bila kumshika.

Na muda wote huo mizani inafanya kazi. Kinda ambaye uzito wake haushuki hayuko hatarini, hata akikosa mlo mmoja au miwili. Anayekonda wiki hadi wiki, au anayetoa povu mdomoni, hupelekwa kwa daktari wa mifugo anayewajua nyoka.

Hapa kwetu kuna jambo la nyongeza. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu hawezi kumwokota chatu porini akamfuga bila kibali. Biashara yao kati ya nchi na nchi nayo inabanwa na mkataba wa CITES. Mtoto anayetamani kuishi na nyoka asikate tamaa. Wapo wanaotunzwa Meserani, kando ya barabara ya Arusha kwenda Dodoma, na huko mlimani juu ya Moshi kuna Chuo cha Mweka, ambacho tangu mwaka 1963 kinafundisha watu kutunza wanyamapori wa Afrika.

Kwa hiyo kinda si mkaidi. Anapokataa kula anasema kwa njia pekee aliyo nayo kwamba ana baridi, anaogopa, au hajakitambua chakula, na ni juu ya mtunzaji kumwelewa. Nanyi mkimkuta kinda wa chatu kwenye mfereji wa mpunga, msimpige wala msimchukue. Rudini nyuma, mwiteni mtu mzima, apewe taarifa afisa wanyamapori ikiwa kinda huyo yuko karibu na nyumba. La sivyo, mwacheni. Ana panya wa kula shambani, na kila panya atakayemla ni mpunga uliobaki kwa ajili yenu.